Nani Yumo Katika Kaya Yako? Mwongozo wa Kujisajili Kwenye Bwawa la Kuogelea la Mtaa

Mvulana wa miaka kama tisa alisimama getini, taulo begani, miwani ya kuogelea ameipandisha kwenye paji la uso. Binamu zake wawili walikwisha kuingia na mmoja alikuwa tayari majini. Mlinzi alipitisha kidole kwenye orodha, akarudia mara ya pili, kisha akaniita. Jina la yule mtoto halikuwamo. Alikuwa akiishi kwa shangazi yake tangu mwanzo wa mwaka, analala hapo na anakwenda shule kutokea hapo. Nilipompigia simu shangazi akashangaa: "Fomu iliandika watoto wako. Huyu ni wa kaka yangu, nikadhani hahusiki."

Ilituchukua siku nne kulirekebisha jambo ambalo lingemalizwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Nimekaa kwenye meza ya usajili ya bwawa la mtaa wetu kwa misimu mitatu, na karibu kila mzozo niliouona getini ulizaliwa mezani, miezi kadhaa kabla, pale mtu alipojaza neno "kaya" bila kuuliza linamaanisha nini. Kwa hiyo mwongozo huu unamlenga anayejaza fomu. Wanakamati wenzangu nao watapata la kuchukua.

Hatua ya kwanza: tafuta kanuni yenyewe, usitegemee masimulizi

Kabla ya kulipa chochote, omba nakala ya katiba ya klabu au kanuni za uanachama. Usiridhike na kuambiwa "familia nzima inaingia." Tafuta kifungu kinachoeleza kaya ni nini, kingine kinachotaja mipaka ya eneo, na kingine kinachohusu wageni. Vikiwa vitatu hivyo mkononi, mengine utayasoma taratibu. Kama kaya haikuelezwa popote, mwandikie katibu swali na umwombe jibu la maandishi, kwa sababu kamati hubadilika na ahadi ya mdomo huondoka na aliyeitoa.

Hatua ya pili: jua kama wanahesabu kwa paa au kwa chungu

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Wataalamu wa sensa wana njia mbili za kuhesabu kaya, na Umoja wa Mataifa unazitambua zote mbili katika miongozo yake ya sensa. Ya kwanza inaangalia makazi: wote wanaoishi katika nyumba moja ni kaya moja. Ya pili inaangalia matumizi: wanaochanga chakula na mahitaji ya maisha ni kaya moja, hata kama nyumba ina wengine. Kwa Kiswahili chetu tunaweza kuziita kanuni ya paa moja na kanuni ya chungu kimoja. Mabwawa ya mitaa hutumia mojawapo, au huzichanganya bila kujijua, na tofauti yake ni kubwa mno.

Chukua nyumba yenye ndugu wawili waliooa, kila mmoja na watoto wake, wakigawana ghorofa ya juu na ya chini. Kwa kanuni ya paa moja hao ni kaya moja, wanalipa ada moja. Kwa kanuni ya chungu kimoja ni kaya mbili. Chukua pia vijana wanne waliopanga nyumba pamoja, kila mmoja na chumba chake na mshahara wake. Paa ni moja, lakini hakuna anayemtegemea mwenzake. Klabu nyingi huwasajili hao kila mtu peke yake. Sioni kosa katika hilo, mradi kanuni iseme hivyo mapema na isitungwe siku vijana walipofika.

Neno ambalo ningependa lifutwe kwenye fomu zote ni "familia" likisimama peke yake. Familia kwetu haina ukuta. Shangazi ni familia, mjukuu wa jirani aliyekulia kwenu ni familia, na mtoto wako aliyehamia mji mwingine miaka kumi iliyopita bado ni familia. Bwawa haliwezi kuhesabu hivyo. Linauliza jambo jembamba zaidi: nani analala hapa siku nyingi za mwaka? Ukiona "familia" kwenye fomu, muulize katibu kama anamaanisha ukoo au wanaoishi na wewe.

Kwa "siku nyingi za mwaka", kipimo cha sensa kinasaidia tena: makazi ya kawaida ya mtu ni pale alipoishi kwa sehemu kubwa ya miezi 12 iliyopita, au anapokusudia kuishi kwa angalau miezi sita. Kama kanuni za klabu yenu hazina kipimo, pendekezeni hicho.

Hatua ya tatu: andika kila anayelala nyumbani, halafu ndipo uchague

Chukua karatasi tupu kabla ya fomu. Pita chumba kwa chumba kichwani mwako na uandike anayelala humo. Usianze na "mimi, mwenzangu, watoto," kwa maana ndivyo yule mvulana alivyosahaulika. Ukimaliza, weka alama kwa wale ambao hali yao inahitaji maelezo. Kwa uzoefu wangu wa mezani, ni hawa:

*Mtoto unayemlea ambaye hukumzaa.* Mwandike. Leta barua ya ulezi kama unayo. Kama huna, barua ya shule inayokutaja kuwa mlezi wake mara nyingi hutosha. Kamati inayodai cheti cha kuzaliwa chenye jina lako kwa mtoto wa namna hii inamwadhibu mtoto kwa jambo asilolichagua, na ninalisema hilo kwenye kila kikao ninachohudhuria.

*Mtoto wa wazazi waliotengana.* Analala kwako nusu ya wiki na nusu kwa mzazi mwenzake. Jibu la haki ni kumwandika kwenye kaya zote mbili kama zote zina uanachama, kwa sababu kila kaya imelipa ada yake. Baadhi ya klabu hudai achague upande mmoja. Ukikutana na kanuni hiyo, onyesha makubaliano ya malezi au hukumu ya mahakama, na uombe aruhusiwe kuingia pamoja na mzazi yeyote kati ya hao wawili.

*Kijana aliyeko chuoni.* Huyu huleta ubishi kuliko wote. Kwa kipimo cha makazi ya kawaida hayuko nyumbani, lakini likizo anarudi na chumba chake kipo. Ndiyo maana klabu nyingi huweka kifungu maalumu: kijana anayesoma hubaki kwenye kadi ya wazazi mpaka umri fulani, kwa kuonyesha kitambulisho cha chuo. Umri huo hutofautiana sana, kwa hiyo usome, usikisie. Asiyesoma na amevuka miaka 18 huweza kuondolewa hata kama anaishi kwenu, mahali ambapo klabu inahesabu watoto tu na si wote waliomo nyumbani. Umri wa 18 haukuokotwa hewani: ndio mpaka wa utoto katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989.

*Bibi na babu.* Wakiishi nanyi, ni wa kaya. Wakija kwa miezi miwili kila mwaka, ni wageni wa muda mrefu, na hao nitawarudia.

*Yaya au msaidizi wa nyumbani.* Anayelala kwenu anastahili kuandikwa kama mwanakaya, na ningependa aandikwe kwa jina lake kamili, si "msaidizi." Anayekuja asubuhi na kuondoka jioni si wa kaya, lakini ndiye atakayewaleta watoto mchana mkiwa kazini. Uliza kama kuna kadi ya mlezi, yaani ruhusa ya kuingia akiwa na watoto waliotajwa tu. Kama haipo, omba kamati iitengeneze. Bila hiyo watoto hufika getini na mtu asiyeruhusiwa kupita, na mlinzi hulazimika kuchagua kati ya makosa mawili.

*Mwenzi asiye wa ndoa.* Mkiishi pamoja, klabu inayohesabu kwa makazi haina sababu ya kudai cheti cha ndoa. Leteni kielelezo cha anwani chenye jina la kila mmoja.

Na anayeishi peke yake? Yeye naye ni kaya. Kaya ya mtu mmoja ni kaya kamili, na asikubali kuambiwa kwamba uanachama ni wa wenye watoto, isipokuwa kanuni inasema hivyo kwa maandishi.

Hatua ya nne: nyumba ina uanachama, au mtu ndiye anao?

Swali hili linawahusu zaidi wapangaji na wanaouziana nyumba. Kwenye mabwawa mengine uanachama unafuata nyumba: ukihama, anayeingia anaurithi. Kwingine unamfuata mtu: ukihama lakini ukabaki ndani ya mipaka, unaendelea nao. Kwingine ni hisa iliyonunuliwa, inayoweza kuuzwa au kurudishwa klabu.

Kama wewe ni mpangaji, muulize mwenye nyumba swali moja kabla ya kusaini mkataba wa pango: haki ya bwawa ni yako au yangu? Jibu liandikwe ndani ya mkataba. Nyumba moja ikiwa na haki moja, mwenye nyumba anayeishi kwingine hawezi kuendelea kuogelea huku mpangaji wake naye anaogelea kwa haki hiyohiyo. Nimeona wote wawili wamesimama getini siku moja, kila mmoja na risiti, na hakuna aliyekuwa mwongo. Walipangishana nyumba bila kutaja bwawa.

Mipaka ya eneo isomwe kwa makini. Wengine hupima kwa majina ya mitaa, wengine kwa umbali kutoka bwawani. Ukiwa ukingoni, nyumba yako upande huu wa barabara na jirani yako upande wa pili, omba ramani iliyopitishwa na kamati, usikubali makadirio ya macho.

Hapa kuna historia ambayo kila mwanakamati anapaswa kuijua. Huko Marekani, katika jimbo la Maryland, chama cha bwawa cha Wheaton-Haven kiliundwa mwaka 1958. Kilikuwa na mpaka wa familia 325, kikatoa upendeleo kwa wakazi walio ndani ya robo tatu ya maili, na mwanachama aliyeuza nyumba aliweza kumwachia mnunuzi nafasi ya kwanza ya kujiunga. Kanuni hizo zinafanana na za bwawa lolote. Lakini watu weusi hawakukubaliwa. Mwaka 1968 wanachama wazungu walimleta mgeni mweusi. Siku hiyo aliruhusiwa, na kesho yake kamati ikakaa kikao maalumu na kubadili kanuni: wageni wawe jamaa wa wanachama tu. Kesi ya Tillman dhidi ya Wheaton-Haven ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 majaji wote waliamua kwamba chama kile hakikuwa klabu binafsi isiyobanwa na sheria za kuzuia ubaguzi. Ninaikumbusha kwa sababu moja. Kanuni ya kaya au ya mgeni ikibadilishwa ghafla baada ya mtu fulani kuonekana majini, uliza imebadilishwa kwa ajili ya nini, na usiache kuuliza.

Hatua ya tano: vielelezo

Hapa pafupi. Kwa kawaida wataomba kielelezo cha anwani (mkataba wa pango, hati ya nyumba, au bili ya maji au umeme ya karibuni), kitambulisho cha kila mtu mzima, na kitu cha kuonyesha umri wa watoto. Kama bili zote ziko kwa jina la mtu mmoja, wengine walete barua ya benki, ya mwajiri au ya shule yenye anwani ileile.

Funika namba za akaunti kabla ya kutoa nakala. Kamati inahitaji kuona kwamba unaishi hapo, haihitaji kujua unalipa kiasi gani cha umeme. Na waulize nakala hizo zinahifadhiwa wapi na zitachanwa lini.

Hatua ya sita: jaza fomu kama mtu anayejua itasomwa na mlinzi mwenye haraka

Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mtoto anayeitwa jina jingine nyumbani, liongeze pembeni, maana getini atajitaja kwa hilo. Andika tarehe za kuzaliwa, si umri, kwa kuwa umri utabadilika katikati ya msimu. Weka namba mbili za simu za dharura, na moja isiwe ya mtu ambaye kwa kawaida yuko bwawani nanyi.

Kuna sehemu watu huiruka kwa aibu: ya afya. Kama kuna mwenye kifafa, andika, na umwambie pia mwokoaji ana kwa ana. Mshtuko wa kifafa majini unaweza kupita kimya, na mwokoaji anayejua atakaa pale anapomwona mtu huyo muda wote. Hilo halimnyimi mtu uanachama. Kama klabu yenu inadhani linamnyima, waambieni walirekebishe.

Hatua ya saba: tofautisha haki ya kuwa mwanachama na ruhusa ya kuingia peke yake

Mtoto wa miaka sita mwenye kadi ni mwanachama kamili, lakini kadi haimpi ruhusa ya kuja bila mtu mzima. Kanuni ya kaya inajibu nani ni wetu. Kanuni ya umri inajibu nani anaweza kuachwa. Wazazi huzichanganya na kumkasirikia mlinzi.

Sipendi kutisha watu, ila hili lazima lisemwe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na kundi la umri lenye viwango vya juu kabisa ni watoto wa mwaka 1 hadi 4. Mwokoaji anaangalia maji yote. Mtoto wako mdogo anahitaji mtu anayemwangalia yeye tu, aliye karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Kwa hiyo unapohesabu kaya, hesabu pia watu wazima: watoto watano na mtu mzima mmoja asiyejua kuogelea si mpango.

Hatua ya nane: wageni

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wahenga walikuwa wamekwisha kuandika kanuni ya mabwawa kabla ya mabwawa. Mgeni wa siku huingia kwa tiketi au kwa jina kwenye daftari, na mwenyeji wake lazima awepo mpaka aondoke. Mgeni anayekaa kwenu wiki tatu hafai kulipiwa kila siku kama mpita njia, wala hafai kuingizwa kimya kama mwanakaya. Omba kadi ya muda yenye tarehe ya mwisho. Kama mgeni amekaa kiasi kwamba ana funguo za nyumba na anapokea barua hapo, huyo si mgeni tena. Mwandike kwenye kaya.

Usimwazime mtu kadi, hata mdogo wako. Klabu inapoteza ada ya siku moja, lakini hilo ni dogo. Dharura ikitokea na bwawa likalazimika kutolewa watu, orodha ya getini ndiyo inayotumika kuhesabu waliotoka. Jina la mtu aliyeko nyumbani likiwa ndani, mwokoaji atarudi majini kumtafuta asiyekuwepo, na yule aliyekuwepo kwa kadi ya kuazima hatatafutwa na yeyote.

Watu huuliza kwa nini klabu inahesabu vichwa kwa ukali hivyo wakati bwawa linaonekana tupu. Maji yana kikomo chake. Bwawa la mita 25 kwa 10 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 375,000, nazo ni nyingi kwa kuzitaja, lakini kila anayeingia huacha jasho na mafuta ya ngozi, na watoto huacha zaidi ya hayo. Klorini hutumika kupambana na vitu hivyo. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinashauri klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Watu wakizidi kuliko mtambo wa kuchuja unavyoweza kubeba, klorini huungana na jasho na mkojo, macho yakawaka, na ile harufu kali watu wanayoiita harufu ya usafi ikatanda. Hiyo ni sababu mojawapo ya ukomo wa uanachama, orodha ya kusubiri na masharti ya wageni.

Hatua ya tisa: kaya inapobadilika, na unapokataliwa

Mtoto akizaliwa, mtu akioa, mzazi akihamia kwenu, au mmoja wenu akifariki, mjulishe katibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Usisubiri msimu ujao. Kuongeza mtu kwenye kaya iliyokwisha kulipa mara nyingi ni bure. Kumkuta mtu asiyeandikwa ndani ya maji huleta adhabu kwa wote.

Ukikataliwa, usibishane na mlinzi, maana hana mamlaka ya kukubali. Mwandikie katibu barua fupi yenye mambo manne: jina la anayekataliwa, analala wapi na tangu lini, kifungu unachoamini kinamhusu, na vielelezo ulivyoambatanisha. Kwa mfano: "Ninaomba mtoto huyu aingizwe kwenye kaya yetu. Anaishi nasi tangu Januari, na anasoma shule iliyo hapa mtaani. Ninaambatanisha barua ya mwalimu mkuu. Naomba jibu la maandishi likitaja kifungu mtakachokitumia." Barua kama hiyo hujibiwa haraka kuliko malalamiko ya kurasa tatu. Jibu likiwa hapana, rufaa iko kwenye kamati nzima, na baada ya hapo kwenye mkutano mkuu wa wanachama.

Wiki moja kabla ya bwawa kufunguliwa, pita getini na umwombe mlinzi akusomee majina ya kaya yako, moja baada ya jingine, nawe ukiwa na ile karatasi ya vyumba mkononi. Jina lisiposikika, meza ya usajili bado iko wazi.